Radhi ya Bwana Shamba

Bwana Shamba hakuwahi kununua hindi kwangu bila kwanza kulisoma. Mimi nauza mahindi ya kuchoma Makadara, karibu na pale tuk-tuk zinapogeuzia, na kwa miaka mingi yeye alikuwa mteja wangu wa baada ya Alasiri. Alikuwa akifika, ananisalimia kwa kirefu kama tuliopoteana mwaka mzima, kisha anainama kwenye beseni na kuchukua hindi. Analimenya jani baada ya jani, bila haraka, halafu analigeuza mkononi na kuanza kunieleza habari za mtu aliyelipanda, mtu ambaye mimi wala yeye hatukuwahi kumtia machoni.

"Hili tazama ncha yake," alikuwa akiniambia. "Punje zimekoma kabla ya mwisho. Huyu alibananisha. Yalikuwa mengi, chakula kidogo." Analirudisha, anachukua lingine lenye mapengo katikati kama kinywa cha mzee. "Hili halikukosa mbolea. Hili lilipigwa na jua siku za mbelewele, wakati wa kutunga punje." Analirudisha hilo nalo. Mwishowe anapata lililojaa mpaka ncha, analipapasa kwa kidole gumba, ananikabidhi. "Hili lilipawa nafasi, likala, likashiba. Nichomee hili."

Wateja wengine nyuma yake wanahema kwa hasira na makaa yangu yanageuka jivu. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Bwana Shamba, hindi laliwa, halisomwi." Akacheka mpaka akashika goti lake bovu. "Kila kiliwacho chasomeka, mwanangu. Ni watu tu hawasomeki." Kesho yake akaja akasoma kama kawaida.

Jina lake nalijua, lakini mtaani halikutumika, nami sitalitumia hapa. Alikuwa afisa wa kilimo wa serikali, na umri wake wote wa kazi aliumaliza bara, huko ambako mahindi ndiyo karo ya watoto na ndiyo mahari. Alipostaafu alirudi nyumba ya kwao, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, kwa watu ambao hawajapanda kitu maishani mwao isipokuwa rihani na asumini ndani ya kopo la samli. Sisi kwetu hindi ni la kuchoma, au ni unga ulio dukani. Mjuzi wa namna ile kuja kukaa na sisi ni kama fundi wa majiko kuhamia kwa watu wanaokula hotelini. Tulimheshimu sana na hatukuwa na kazi naye.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mtu aliyewafundisha maelfu ya watu kupanda mahindi, sima hakuila. Ilikuwa ikimpanda kifuani, alisema, na marehemu mkewe alimpikia wali miaka yote hiyo ya bara, huku majirani wakimletea unga kwa shukrani. Nyumba yake ilijaa makabati, magazeti na viti vilivyovunjika, mpaka mgeni anapita upande, na humo ndani ndimo alimokuwa akikuhubiria faida ya nafasi. Na msikitini, kaka yangu Swaleh aliniambia, hakuna aliyekuwa mkali wa safu kama yeye. Alikuwa akipita nyuma ya watu akiwasukuma mabega: karibianeni, zibeni mianya. Swaleh alimuuliza mbona kwenye mahindi asema mengine. Akamjibu, "Mahindi hayana udugu. Kila moja laomba riziki peke yake." Swaleh hupenda kulirudia neno hilo, ingawa sidhani kama alilielewa.

Methali yake ilikuwa moja, na alituchosha nayo: mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Alikuwa akiitumia kwa mahindi, kwa wanasiasa, kwa wanaojaza sahani harusini. Kumuudhi kulikuwa rahisi vilevile. Umwambie tu kwamba fulani katia mbolea "ya kutosha". "Ya kutosha ni ngapi?" alikuwa akiuliza, na macho yanamtoka. Kwake yeye kutosha kulikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa kifuniko cha soda. Alikuwa nacho mfukoni mwa kanzu, pamoja na tasbihi na tepu ya fundi cherehani.

Mwaka mmoja aliamua kutuonyesha. Alipandisha ndoo tatu za rangi juu ya dari ya nyumba yake, palipo na jua, akazijaza mchanga, akatia mbolea kipimo kimoja kila ndoo. Ya kwanza akapanda mbegu moja, ya pili mbili, ya tatu nne. Jumuiya nzima ya baraza ilipanda ngazi kutazama. Baada ya wiki chache ile ya mbegu nne ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, yapanda juu kama inayokimbia moto, na wazee wenzake wakamcheka sana. "Bwana Shamba, wanne wameshinda."

"Wakimbilia mwangaza tu," aliwaambia. "Subirini." Hawakusubiri. Walishapata kichekesho chao, wakashuka. Zilipofika siku za kuvuna nilipanda mimi peke yangu. Ndoo ya mbegu moja ilikuwa na hindi zima, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo kwenye beseni. Ndoo ya mbegu nne ilikuwa na mabua manne membamba na kitu kimoja kama kidole gumba, hakina hata punje kumi. Bwana Shamba akanitazama, kisha akatazama ngazi tupu. Nilimsifu kwa sauti kubwa mno, kama asifiwavyo mtoto, na nikajuta palepale.

Alikuwa pia na tabia ya kwenda Shimanzi kutazama mbolea ikipakiwa. Hakuwa na shughuli huko. Siku moja tulifuatana, maana mimi nilikuwa nakwenda kutafuta makaa, nikamwona akisimama ng'ambo ya lango la ghala moja, kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, akiyatazama magunia yakitupwa juu ya malori.

"Yote haya yaenda bara," akasema.

"Si ndiko wanakolima?"

"Ndiko. Lakini hapa hatulimi kwa kuwa hayabaki, ama hayabaki kwa kuwa hatulimi?"

Nikamwambia sijui. "Wala mimi sijui," akasema. "Nimekuwa kazini miaka yote ile na sikujua." Tulikaa pale mpaka malori mawili yakatoka, ndipo akakubali twende.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka kama paka na uji wa moto.

Marehemu baba yangu alituachia shamba ng'ambo, upande wa Kwale. Alipokuwa hai alilima mahindi na kunde, si mengi, lakini kila msimu gunia la kwetu lilifika nyumbani na Mama akawagawia majirani. Alipofariki shamba lilikaa miaka likiota magugu. Swaleh akataka liuzwe tugawane. Si mtu mbaya, kaka yangu. Ana watoto watano na nyumba ya vyumba viwili. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nipeni msimu moya. Likizaa la kujaza stoo, haliuzwi ningali hai. Lisipozaa, fanyeni mutakavyo, sitatia neno." Mama akishasema vile huwa amesema. Shamba lote, na kila alichobakiwa nacho cha mumewe, likawa limewekwa juu ya masika yale.

Nikamwendea Bwana Shamba. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa kuombwa kitu. Goti halikumruhusu kuvuka feri na kutembea mchangani, kwa hiyo akaja kwetu na kunifundishia sebuleni. Alitandika tepu yake juu ya mkeka na kupanga mbaazi kwa mistari, na mimi nikapiga magoti mbele yake kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

"Mstari hadi mstari, sentimita sabini na tano. Shimo hadi shimo, ishirini na tano. Kila shimo kifuniko kimoya cha mbolea ya kupandia, uchanganye na mtanga isije ikaunguza mbegu. Watia mbegu mbili, maana ndege hana dini. Zikiota zote mbili, zikifika shibiri, ng'oa mche ule dhaifu, ubakishe moya. Yafikapo magotini, tieni ya kukuzia, kidogo kidogo mara mbili, kwani mtanga wetu hauweki kitu, mvua ikija yaenda nayo."

"Na tukiwacha miwili?"

Aliondoa miwani. "Nimepima chakula cha mche moya. Ukiwacha miwili, umewalaza ndaa wote wawili. Usiuonee huruma, mwanangu. Huruma hapo ndiyo ukatili."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Alisikia kila neno. Akamaliza chai yake akarudi jikoni, nami nikadhani amekubali.

Nikapanda kama nilivyofundishwa, pamoja na wanawake wawili wa kijiji kile walioicheka kamba yangu ya kupimia mistari mpaka wakachoka. Mvua ikanyesha kwa wakati. Ndege mwaka ule sijui walikwenda wapi, kwa sababu kila mbegu iliota, mbili mbili, shamba zima. Nikaenda na Mama kulitazama. Alipoliona limekuwa kijani tena, kwa mara ya kwanza tangu Baba afariki, alikaa chini pembeni akalia, kilio kizuri cha mtu aliyerudishiwa amana. Mimi nikavua viatu, nikainama kwenye shimo la kwanza, nikashika mche ule mdogo. Mama akaja akanishika kifundo cha mkono.

"Wang'oa nini?"

"Wa ziada, Mama. Bwana Shamba kasema."

"Mungu kaiotesha yote, weye wamchagulia? Babako hakung'oa hata moya."

Nikamweleza habari ya kifuniko. Nikamweleza ya ndoo. Akanisikiliza huku hauachii mkono wangu, na machozi hayajamkauka. "Kilichoota salama sing'oi," akasema, "wala huking'oi nami nipo." Mimi huyu ninayegombana na askari wa jiji mpaka wananiacha, nilivaa viatu vyangu. Mashimo ya Baba yalikuwa mbali mbali, hatua nzima, na miche mitatu ndani yake ilipata pa kupumulia. Hayo niliyajua baadaye sana. Siku ile niliona tu mama yangu anacheka na kulia, nikasema labda Mungu atatusitiri.

Njiani kurudi akaniambia jambo la pili. "Usimwambie Bwana Shamba. Mzee wa watu, atavunjika moyo."

Na hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akikupa shauri hukatai mbele yake, na ukishindwa kulifuata humjii ukamwambia sikulifuata. Alipokuja Makadara akaniuliza, "Mushapunguza?" nilimwambia twaendelea vizuri, alhamdulillahi, yana afya, Mama akusalimu sana. Akaridhika. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikampa hindi lililojaa alisome. Alikuwa ameshalieneza barazani kwamba safari hii watu wataona shamba, si ndoo, na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kumwambia.

Mwanzoni mahindi yalimea mengi na marefu, na Mama akawa akinitazama kwa ushindi wa kimyakimya. Kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, kuanzia nchani kuelekea shina. Nikatia mbolea ya kukuzia mara mbili, kama nilivyoambiwa, kipimo kilekile cha mche mmoja, sikuwa na nyingine. Manjano yakapanda juu. Nikamweleza Bwana Shamba habari ya manjano, maana hofu yangu ilizidi haya yangu.

"Hiyo ni ndaa," akasema. "Lakini kwa nini? Kipimo ni sawa. Mvua ilikuwa nyingi, ikaiosha?"

"Ya kiasi."

Akatoa kalamu akaandika kwenye gazeti nililofungia mahindi. Akaandika tena. Nilimwona akijitafutia kosa pale penye meza yangu ya mbao, watu wakimpita, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Aliondoka bila hindi siku ile.

Tulivuna mabua. Gunzi baada ya gunzi tulifungua majani tukakuta utupu, au meno machache kama ya mtoto. Swaleh alikuja kusaidia. Alifungua mengi kwa mikono yake, na kila alilofungua alikuwa akiguna kwa masikitiko, kama aliyekuwa ameomba ashindwe. Yote hayakujaza hata kona ya stoo. Mama alilitimiza neno lake. Shamba liliuzwa kabla ya mvua za vuli, na leo lina ukuta wa mawe na geti jeusi.

Barazani walimpa Bwana Shamba jina jipya, wakimwita wa makaratasi. Ulikuwa utani tu, kwetu watu hutaniana mpaka kaburini, naye aliuchukua kwa tabasamu. Lakini alipokuja Makadara alikuwa akipokea hindi lolote nililompa, analiweka kwenye mfuko hata bila kulitazama, na ananiuliza hali ya Mama. Shamba hakulitaja. Mara ngapi nilisema leo namwambia. Namtengenezea maneno kichwani tangu asubuhi, akifika nasema, "Karibu, Bwana Shamba, leo ni matamu." Niliona haya, na kwa sababu ya haya nikazidi kumpa mahindi makubwa.

Mwaka huu zamu yake ya Hijja ilifika. Kwetu mtu haendi safari ile na haki za watu shingoni. Lazima apite nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa aliowakosea, kwa kujua na kwa kutojua. Wengi siku hizi hutuma ujumbe wa simu mmoja kwa watu wote. Yeye alipita kwa miguu, na goti lile. Tulimsikia kwenye ngazi yetu muda mrefu kabla hajafika, hatua moja, kikohozi, hatua nyingine. Mama alikuwa sebuleni anachagua mchele kwenye sinia.

"Hodi, Bi. Zuhura."

"Karibu, ndugu yangu. Karibu kitako. Mungu akupe safari njema."

Alikaa, akakataa chai, akataka maji. Alikuwa amepungua sana, kanzu imemwelea mabegani.

"Nimekuja kutaka radhi."

"Hukunikosea lolote."

"Nimekukosea shamba," akasema. "Sikiliza, dada yangu. Jambo hini limekaa nami tangu siku ile. Nimelipindua kila upande, naliona lina mawili tu. Ama vipimo vyangu ni vya bara na huku havifai, nami nikakupoteza. Ama miche haikupunguzwa. Siulizi kwa kulaumu. Niendako nataka nijue naenda na lipi." Akanigeukia. "Mwanangu, mulipunguza?"

Mkono wa Mama ulisimama ndani ya mchele. Nilimngojea yeye. Lilikuwa lake la kusema, na kama angesema nadhani Bwana Shamba angecheka akashika goti, yakaisha. Nilingoja mpaka ikawa aibu kungoja. Mama hakuinua uso. Nikamwona kichwa chake cheupe kilivyoinama, na nikajua siwezi kumvua nguo mama yangu mbele ya mgeni.

"Tulipunguza, Bwana Shamba," nikasema. "Shamba zima. Tuling'oa ule dhaifu."

Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi kosa ni langu, nalibeba mwenyewe." Akanyoosha mkono akanishika wangu, na mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. "Na kuna na lako. Moyoni mwangu nilikudhania weye, mwanangu. Miaka yote hini nala mahindi yako na nakudhania. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi," nikasema.

"Nami nimekuwia radhi," akasema Mama, bado ameinama, "ya duniani na ya akhera."

Akatushukuru. Akamwombea Baba dua, na sisi tukaitikia amin. Nilimshika mkono kumteremsha ngazi, na katika ngazi zote zile ambazo zilikuwa zetu wawili peke yetu, nilimwambia tu aangalie ile iliyovunjika. Mlangoni akaniambia nipande, nisimwache Mama peke yake.

Nilipofika juu Mama alikuwa ameanza tena kuchagua mchele. Alitupa kijiwe kimoja pembeni ya sinia, kisha kingine.

"Ungalimwambia," akasema.

Nikaenda dirishani. Bwana Shamba alikuwa hajafika mbali, alikuwa amesimama mlango wa pili anapumzika kabla ya kupiga hodi. Kichochoro chetu ni chembamba, huhitaji hata kupaza sauti ili mtu wa chini akusikie. Nilisimama pale mpaka jirani akamfungulia, akamwambia karibu, naye akaingia.